Kisigino cha Baba Gidion

Mume wangu Anyitike anabishana hata na mvua. Ikinyesha anasema imechelewa, ikikatika anasema imetuonea. Kwa hiyo siku nilipomkuta uani kwenye kigoda, amejikunja, anajichonga kisigino kwa wembe, nilijua kabisa nikiuliza nitajibiwa ovyo. Nikauliza hivyo hivyo.

"Baba Gidion, unafanya nini?"

"Nachonga sugu."

"Sugu gani nyeusi hivyo?"

"Sugu ya mtu anayelima. Wewe uliwahi kuona sugu ya mtu anayelala?"

Ebo! Mimi na yeye tumelima mpunga kwenye jaruba moja hapa Ikolo tangu nikiwa mwari, na sugu zangu ni za kijivu kama za watu wote. Nikainama nikatazama. Lilikuwa doa jeusi, kubwa kuliko punje ya kokoa, upande mmoja limetambaa kama wino uliomwagikia karatasi. Katikati paliinuka na palikuwa panatoa majimaji. Nikamuuliza lilianza lini, akasema alichomwa na mwiba mwaka juzi, ncha ikabakia ndani, na kila akilichonga linarudi. Kisha akavaa gambuti lake akaenda zake shambani, akichechemea kidogo na kujifanya hachechemei.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mtu wa mbali anaposhindwa kutuelewa. Mkaza mwanangu, Sekela, mke wa Gidion, ni muuguzi wa zahanati. Nyumba yao na yetu zinatenganishwa na migomba tu. Akikaanga samaki harufu inaingia jikoni kwangu bila hodi. Ikolo nzima inamjua. Aliyekatwa na jembe, aliyeungua na uji, mwenye kidonda cha kisukari, wote wananyoosha miguu mbele ya Sekela. Mguu mmoja tu alikuwa hajawahi kuuona, nao ulikuwa wa baba mkwe wake.

Kwetu Wanyakyusa mkaza mwana hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Hamtazami, hamsemeshi, hatamki jina lake. Mzee akitaka kupita anakohoa kutoka mbali, na mwanamke akisikia kile kikohozi anaacha njia anaingia migombani mpaka apite. Wengine siku hizi wameacha. Wengine mzee anatoa zawadi, watu wanakula, mambo yanakwisha. Baba Gidion hakutaka hata kusikia habari hizo. Alisema heshima ikishaanza kupunguzwa haina pa kuishia. Na Gidion mwenyewe, ambaye angeweza kumlainisha baba yake, muda mwingi yuko ng'ambo ya mpaka, Karonga, na biashara zake za mchele na vitenge.

Kwa hiyo mjumbe ni mimi. "Mama Gidion, mwambie mkaza mwanao mbuzi wake wanakula mihogo." Mwenyewe yuko pale nyuma ya ukuta, amesikia kila neno. "Mama, mwambie mzee nimeshawafunga." Naye mzee amesikia. Mimi nasimama katikati narudia kama kasuku, wakati mwingine nakasirika nasema, haya, nyote mna masikio. Lakini sikuichukia ile heshima, nisiseme uongo. Mimi nami nilimkwepa baba mkwe wangu mpaka anazikwa, na hata leo sijui macho yake yalikuwaje. Wakati mwingine jambo hilo linanisikitisha, na sijui nimweleze nani.

Basi jioni ile nikaenda kwa Sekela nikamweleza habari za kisigino. Akaweka kisu chini akaanza kuniuliza. Ni rangi moja au rangi nyingi? Kingo zake zimenyooka? Linakua? Linatoa damu? Nikajaribu kumchorea kwa kidole kwenye unga, tukaishia kucheka wote wawili.

"Mama, piga picha kwa simu," akasema.

"Picha? Si ndiyo kumtazama huko?"

Akaokota kisu chake. Alikuwa mtoto wa Mnyakyusa, naye alilijua hilo kabla yangu. Tukakaa tunafikiri. Mwishoni mimi ndiye niliyeamua, kwa kuwa ni mkubwa: kinachokatazwa ni uso, na kisigino hakina uso. Kesho yake mchana Baba Gidion alipojinyoosha mkekani baada ya kula, miguu nje, anakoroma, nikapiga picha nikamtumia Sekela. Nikavuka migomba kumfuata. Nilimkuta Sekela ameketi kwenye kizingiti, simu mkononi, na wali unaungua jikoni bila yeye kusikia harufu.

"Mama, hii si sugu," akasema. "Wala si mwiba."

"Ni nini?"

"Sijui kwa hakika mpaka wakate kipande wapime. Lakini naogopa ni saratani ya ngozi. Kwa watu weusi kama sisi kuna moja inapenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo hakuna anayetazama. Mwambie asiichonge tena. Na aende Mbeya wiki hii."

Nilirudi nyumbani, nikamngoja Baba Gidion aamke. Nikamwambia. Alicheka mpaka akakohoa, nikasikia nyuma ya migomba Sekela anajificha kwa mazoea. "Saratani ya ngozi ni ya Wazungu na watu wenye ualbino," akasema kwa sauti ili ujumbe ufike wenyewe. "Ngozi yangu mimi imeivishwa na jua la Kyela, saratani itapitia wapi? Mwambie mkaza mwanao aangalie vidonda vya wanaojua kulia."

Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba yeye hafichi, ni mimi ninayechungulia. Jamani, mwanaume huyu! Nikambembeleza, nikanuna, nikampikia samaki, mbasa wa nazi, nikamnyima mbasa wa nazi. Hakuna. Mwishoni nikamwambia kwamba Jumapili baada ya ibada nitawaleta wazee wa kanisa wote waje wamwombee kisigino, mmoja mmoja, wakikishika. Kesho yake asubuhi alikuwa amevaa koti.

Tulipanda basi Kyela mjini. Sisi wawili tulikaa nyuma, Sekela kiti cha mbele kabisa na kanga imemfunika kichwa, maana bila yeye tusingejua pa kuanzia. Kadiri tulivyopanda Tukuyu baridi ilizidi, na Baba Gidion akapata la kubishana nalo mpaka Mbeya. Hospitali walimchoma ganzi, wakakata kipande kidogo, wakashona uzi, wakaturudisha nyumbani tusubiri maabara. Tulisubiri. Alivuna kokoa akaianika, akawa anaigeuza kwenye majamvi kila saa, hata ilipokuwa haihitaji kugeuzwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye anaogopa.

Majibu yalipotoka tuliitwa turudi, akalazwa. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi wa Kichaga, jina lake Jubilate, anaongea haraka lakini hakuna neno linalokupita. Kitanda cha jirani alikuwepo kijana mmoja mwenye ualbino, Ezra, fundi simu wa Talatala. Yeye alikuwa na kidonda sikioni. Asubuhi ile ile walimpeleka chumba cha upasuaji, wakakikata na kushona, na mchana akawa amekaa kitandani na bandeji, anakula chapati na kusubiri ruhusa ya kurudi nyumbani. Baba Gidion alimtazama muda mrefu.

Daktari Jubilate akaja akavuta pazia la kijani la magurudumu, likatuzunguka. Akauliza nani mwingine wa familia asikilize. Nikasema mkaza mwana wetu ni muuguzi. "Yuko wapi?" Nikamwonyesha viatu vyake chini ya pazia, upande wa pili. Daktari akataka kumvuta aingie, nikamzuia mkono.

"Daktari, samahani. Hawaonani."

"Wamegombana?"

"Wanaheshimiana."

Alinitazama, akatazama vile viatu, akaachia pazia. Nampongeza kwa hilo, wengine wangetucheka.

"Mzee," akaanza, "ni saratani. Iko hapo kisiginoni."

"Basi nifanyieni kama Ezra. Kata, shona, nipande basi la jioni."

"Saratani za ngozi si moja. Zipo zinazokaa juu juu na kutambaa taratibu. Hizo nyingine tunazigandisha kwa baridi kali, nyingine tunazikwangua na kuchoma pale zilipokaa, nyingine tunakata na kushona kama ya Ezra. Ya kwako inazama. Na haina subira. Nikiigandisha nitakuwa nimeua juu tu, chini inaendelea na safari."

"Sasa unataka nini?"

Akachukua mguu wake, akachora kwa kalamu. Doa lote litaondoka. Kulizunguka, atachukua na nyama inayoonekana nzima, upana wa kidole gumba kila upande, kwa sababu mbegu za ugonjwa huu hazionekani kwa macho. Shimo litakalobaki atalifunika kwa kuhamisha kipande kutoka kwenye uvungu wa unyayo, pale pasipokanyaga chini, na uvunguni atapandikiza ngozi nyembamba ya paja. Tena alipopapasa kinena alikuta tezi moja imevimba. Nayo ataitoa ipimwe.

"Ningekuta imefika mfupani ningesema tukate mguu," akasema. "Hatujafika huko. Tukichelewa tutafika."

Baba Gidion akautazama ule mchoro. Kisha, mwenzenu sikuamini masikio yangu, akaanza kupatana bei.

"Kidole gumba ni kikubwa. Chukua kidole kidogo."

"Mzee, hapa hatupunguzi."

"Nyama nzima unaitupa ya nini? Upande huu hata doa halijafika."

Na mimi, kwa ujinga wa kuogopa, nikadandia. "Daktari, mfikirie kidogo, ni mkulima, anakanyaga matope. Chukua nusu kidole gumba." Tulikuwa tunashindana na daktari kama tuko soko la mchele, huku yeye ameshika mguu ule ule ambao tulikuwa tunauuza kwa kifo. Nilikuja kuona aibu baadaye. Wakati ule nilitaka tu apunguze, hata kidogo, nijisikie nimemsaidia mume wangu.

"Mama," sauti ya Sekela ikatoka nyuma ya pazia, "mwambie mzee kwamba wakibakiza mbegu moja itarudi, na ikirudi watakata mguu au hawatakata chochote."

Nikageuka kumwambia, kama kawaida yangu. Baba Gidion akanikatiza.

"Mwambie mkaza mwanao nimesikia. Na umwambie mguu ni wangu. Kama ni hivyo, narudi nyumbani na miguu yangu miwili, nife nikiwa mzima." Akainama chini ya kitanda, akaanza kuvuta gambuti.

Daktari aliinuka taratibu, akafunga kalamu yake. Kisheria hawezi kumkata mtu asiyetaka. Nilitaka nimpige mume wangu, nilitaka nimkumbatie, sikujua lipi litangulie.

"Tata."

Ilikuwa sauti ya Sekela, ikiita "baba" kwa Kinyakyusa. Haikusema "Mama, mwambie." Baba Gidion akaganda, mguu mmoja ndani ya gambuti.

"Tata, ni mimi Sekela. Tangu niolewe, nikisikia unakohoa naingia migombani. Nimeloa na mvua humo, nimeumwa na siafu humo, wala sijalalamika, kwa sababu nakuheshimu. Lakini leo ukirudi nyumbani na kisigino hicho, mimi nitakuja kukwepa nini? Kaburi? Kaburi halikohoi, tata. Nitajuaje pa kupita?"

Ezra kwenye kitanda cha jirani aliacha kutafuna. Mimi nilishika mdomo. Miaka yote ile sikuwahi kusikia mtu akivunja jambo kubwa kwa sauti ndogo namna hiyo, na nilimwogopea. Nilidhani mume wangu atapiga kelele wodi nzima isikie.

"Mama Gidion," akasema, "ni nani amesema?"

"Umemsikia mwenyewe."

"Mwambie..." Akaishia hapo. Akavua gambuti, akaliweka chini, akalala chali akatazama dari. "Daktari, kata huo upana unaoutaka. Usije ukanipunguzia." Kisha akageuza shingo kidogo, akaliambia pazia, "Umesikia?"

"Nimesikia, tata," likajibu.

Nikaona vile viatu vinatetemeka chini ya kitambaa cha kijani. Nikatoka nikamkuta ameegemea ukuta, analia hana hata sauti. Nikamfuta kwa kanga yangu.

Walimpasua siku iliyofuata, kwa sindano ya ganzi ya mgongoni, na alibishana nao mpaka katikati ya kazi. Aliporuhusiwa alikuwa na magongo mawili na amri mbili: kisigino kisiguse chini hata kwa bahati mbaya, na bandeji ibadilishwe na mtu anayejua anachofanya. Kutoka Ikolo kwenda Mbeya kila mara haiwezekani. Mtu anayejua tulikuwa naye.

Basi tukapanga hivi. Asubuhi Baba Gidion analala kifudifudi barazani, uso ameuelekeza ukutani, kanga yangu imemfunika kuanzia kisogo mpaka magotini. Ananyoosha mguu. Sekela anakuja na trei yake, anapiga magoti, anafungua bandeji. Mwanzoni bado walinipitisha mimi. "Mama, kinauma hapa?" "Mwambie kinauma." Baadaye wakaanza kunisahau. Mara nasikia, "Tata, ngozi imeshika vizuri." Mara nasikia, "Polepole basi, wewe mtoto!" Nilikuwa nasimama pale na beseni la maji nikijiona sina kazi, na nitasema ukweli, kuna siku nilimwonea wivu. Lakini uso wa mzee hakuuona. Akimaliza kazi anaondoka, mzee anasubiri mpaka hatua ziishe, ndipo anageuka.

"Mikono yake ni myepesi," aliniambia siku moja. Kwa mtu ambaye hajawahi kusifu hata mvua, hilo lilikuwa neno.

Ilibaki kusubiri maabara iseme mambo mawili: kama kingo za nyama iliyokatwa zimetoka safi, na ile tezi ina nini. Daktari Jubilate alikuwa ameahidi kumpigia Sekela. Alimpigia asubuhi, saa za kufunga kidonda. Mzee alikuwa tayari amelala, uso ukutani, mguu nje, analalamikia kunguru. Nilimwona Sekela akija kupitia migombani, hana trei, mikono mitupu. Nikaenda kumpokea chini ya ngazi.

"Mama," akaninong'oneza, "kisigino kiko safi, pande zote. Tezi ina ugonjwa. Anataka turudi atoe na tezi zilizobaki, halafu tuzungumzie dawa."

Nikamwambia asubiri. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshaipika habari: nitasema kisigino safi, Mungu ni mwema, ya tezi tutajua baadaye. Nitampa mwezi mmoja wa furaha, nani atanilaumu? Nikapanda barazani, nikakohoa kidogo kusafisha koo.

"Baba Gidion, daktari amepiga. Mambo ni mazuri. Kisigi..."

"Nyamaza," akasema ukutani. Hakusema kwa ukali. "Wewe mke wangu, ukiwa na habari nzuri huwa unaanza kupiga kelele tangu kisimani. Leo umekohoa." Akaishika ile kanga, akaivuta, akaitupa pembeni. Akajisukuma kwa mikono, taratibu, akilinda mguu, mpaka akakaa akiangalia uani. "Mwite aje hapa."

Sekela alikuja. Alipiga magoti mbele ya ngazi, kichwa chini, kanga imemfika puani.

"Mwanangu," akasema Baba Gidion, "inua uso."

Alichelewa. Kisha akashusha kanga mabegani, akainua uso, na mume wangu akamwona mke wa mtoto wake kwa mara ya kwanza: macho makubwa, alama ya tetekuwanga shavuni. Alimtazama kwa muda mrefu kama mtu anayetaka kukumbuka.

"Kisigino?" akauliza.

"Safi, tata. Kote."

"Na tezi?"

Sekela aliendelea kumtazama. Machozi yakamshuka, na hakujifuta, wala hakuinamisha kichwa. Mzee hakurudia swali. Aliitikia polepole, mara moja tu.

"Ndaga," akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Umeniambia." Akanyoosha mkono, akamshika bega. "Mpigie daktari, mwambie tunakuja. Na huko usijifiche tena. Nataka nikuone wakati wakinieleza."

"Sawa, tata."

Walikuwa wakitazamana. Mimi nilisimama kati yao natafuta neno la kumpelekea mmoja wao, nikakosa. Nikakaa chini barazani, nikalia kwa sauti, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.